Alama za Langoni

"Mwalimu, mtoto akipata ngapi mtamchukua?"

Hilo ndilo swali nililoulizwa na wazazi kuliko jingine lolote katika miaka yote niliyofundisha Kiswahili kwenye shule za bweni za Ruiru na Thika. Niliulizwa langoni, niliulizwa kwa simu usiku, niliulizwa ndani ya matatu, hata nje ya kanisa baada ya ibada. Ni wachache waliotaka kujua tunafundisha vipi, bweni lina milango mingapi, au nani huamka mtoto akishikwa na homa saa nane za usiku. Waliuliza alama. Nami siwalaumu, maana nchi hii imewazoeza kuuliza hivyo tangu wao wenyewe walipokuwa na umri wa watoto wao.

Nataka kulijibu swali hilo kwa utulivu ambao lango la shule halikutupa. Alama za mtihani wa kuingilia zina kazi, na kazi yake ni kumwonyesha mwalimu pa kuanzia. Zikifanywa hukumu ya nani aingie na nani arudishwe nyumbani, zinampotosha mkuu wa shule, zinampotosha mzazi, na anayelipa ni mtoto. Haya nayasema kwa sababu nimeyaona.

Nilikulia Makongeni, Thika, na nilikuwa miongoni mwa vikundi vya mwanzo kufanya KCPE, mtihani ulioanza mwaka 1985 pamoja na mfumo wa 8-4-4. Siku hizo jumla ilikuwa alama 700. Kiswahili kilikuwa kimefanywa somo la lazima, nasi tuliokipenda tukafurahi sana. Kulikuwa na karatasi ya jiografia, historia na uraia. Kulikuwa na sanaa na muziki. Kulikuwa na sayansikimu na biashara. Kabla ya mtihani tulijaza fomu ya kuchagua shule za kitaifa, za mkoa na za wilaya. Kwetu sisi juu kabisa ilikuwa Mang'u, nje kidogo ya mji, shule iliyoanzia Kabaa mwaka 1925 na iliyowalea Mwai Kibaki, Kadinali Maurice Otunga na Profesa George Saitoti. Aliyeitwa Mang'u alibebwa mabegani mtaani. Aliyeitwa shule ya wilaya aliulizwa na majirani, kwa sauti ya huruma, ni nini kilitokea.

Kuna mambo mawili ambayo hatukuambiwa tukiwa wadogo. La kwanza ni kwamba alama sawa hazikufungua milango sawa. Shule za mkoa zilitakiwa kuchukua asilimia 85 ya wanafunzi wake kutoka mkoa wenyewe, hivyo watoto wawili wenye alama zile zile, mmoja wa Thika na mwingine wa Garissa, hawakuwa na nafasi sawa katika shule moja. La pili ni kwamba alama hazilipi karo. Tom Mboya alisoma Mang'u katika miaka ya 1940 akaondoka bila kufanya mtihani wa mwisho kwa sababu pesa zilikosekana. Akasomea ukaguzi wa afya. Mwaka 1959 kijana huyo huyo, ambaye shule ilimpita kwa umaskini, ndiye aliyesaidia kuwapeleka wanafunzi 81 Marekani kwa ndege moja wakasome vyuo vikuu. Nikisikia mtu akisema alama za mtoto ndizo kesho yake, humkumbusha Mboya.

Niliporudi nyumbani nikiwa mwalimu, mambo yalikuwa yamegeuka. Mwaka 2003 elimu ya msingi katika shule za umma ilifanywa bila malipo. Lilikuwa jambo jema na la haki, lakini madarasa yalifurika, na mwalimu mmoja akajikuta mbele ya watoto themanini. Mzazi aliyekuwa na uwezo kidogo akaanza kutafuta akademi, yaani shule ya binafsi. Kati ya Ruiru, Juja na Thika, shule za msingi za bweni zikachipuka kwenye ardhi iliyokuwa ya kahawa na mkonge. Barabara kuu ya Thika ilipofunguliwa mwaka 2012, hata mzazi wa Nairobi aliweza kumleta mtoto asubuhi na kurudi kazini kabla ya saa nne.

Na kila shule ikawa na intavyuu yake. Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Watoto walikalishwa bwaloni wakiwa wametengana, wakapewa karatasi tatu: hesabu, Kiingereza na Kiswahili. Wazazi walingoja chini ya miti, mikononi bahasha zenye cheti cha kuzaliwa na ripoti za mihula iliyopita. Sisi tulisahihisha papo hapo. Mchana mkuu wa shule aliita familia moja moja ofisini. Majibu yalikuwa matatu. Amepita. Arudie darasa. Tutawapigia simu. Kila mzazi alijua kwamba hilo la tatu ni la kukataliwa.

Ukali huo ulikuwa na sababu. Tangu mwaka 2001 KCPE ilikuwa na alama 500, na matokeo yalipotoka, shule ilitundika bango langoni: picha za watoto waliopita alama 400, na wastani wa shule kwa herufi kubwa. Bango ndilo lililowaleta wazazi wa mwaka uliofuata. Mtoto mmoja dhaifu huteremsha wastani, wastani ukishuka wazazi hupungua, na wazazi wakipungua vitanda hubaki vitupu. Intavyuu ililinda bango. Ndiyo maana kwa miaka mingi nchini zilisikika habari za shule zilizowasajili wanafunzi wake dhaifu katika kituo kingine cha mtihani ili wasiguse wastani wa wenzao.

Tulitazame jambo hili vizuri. Ukiwachagua watoto ambao tayari wanapata 380, na baada ya miaka miwili wakapata 390, umewafundisha nini? Shule ya jirani imemchukua mtoto wa 180 ikamfikisha 290, na hakuna anayechapisha picha ya mtoto wa 290. Kiasi kikubwa cha sifa tulizozipa shule zetu kilikuwa ni sifa za nyumba na shule ambako watoto walitoka.

Mzee mmoja aliyefanya kazi kiwanda cha kahawa Thika alinieleza jinsi punje zinavyopangwa. Hupitishwa kwenye chekeche. Kubwa huitwa AA, zinazofuata AB, na kuendelea chini. Lakini mnunuzi hanunui kwa ukubwa peke yake. Hukaanga kidogo, akasaga, akamwagia maji ya moto, akaonja kwa kijiko. Chekeche humwambia ukubwa wa punje. Ladha huijulia mdomoni. Intavyuu zetu zilikuwa na chekeche bila kijiko.

Katika shule mojawapo niliyofundisha, naibu wa mkuu alikuwa mama aliyefundisha hesabu tangu siku za CPE, mtihani uliotangulia KCPE, na yeye alionja. Kila mtoto aliyeanguka alimwita mezani kwake kabla mzazi hajaambiwa lolote. Namkumbuka msichana aliyeletwa na mama yake kutoka Kiandutu, mtaa wa mabanda ulio kando ya mji wa Thika. Mama aliuza mboga soko la Jamhuri. Karo alikuwa ameahidiwa na kaka yake, askari jela aliyekuwa akifanya kazi Ruiru. Hesabu za msichana zilikuwa za mwisho siku hiyo. Maswali yote ya sehemu alikuwa ameyakosa.

"Njoo hapa, mwanangu," naibu alimwambia. "Hii robo na theluthi mlifundishwa?"

"Hapana, mwalimu."

"Hata kidogo?"

"Mwalimu wetu alienda kujifungua, na hatukuletewa mwingine."

Naibu alichukua karatasi, akaikunja mara mbili, akaikunjua, akamhesabia vipande. Akaikunja tena kwa namna nyingine. Hazikupita dakika kumi. Kisha akampa maswali mapya ya aina ile ile, na msichana akayafanya yote sawasawa, akiyasema polepole kwa sauti. Naibu akamgeukia mkuu wa shule: "Huyu hana shida ya kichwa. Alikosa mwalimu."

Alichukuliwa. Hakuwa wa kwanza darasani, wala sitaki kumfanya hadithi ya miujiza. Lakini kufikia darasa la nane alikuwa amewapita wengi waliomshinda siku ile ya Jumamosi, na aliitwa kidato cha kwanza katika shule ya bweni kwa alama zake mwenyewe.

Baadaye nilisoma kwamba njia ya naibu ina historia ndefu. Mwaka 1904 serikali ya Ufaransa iliunda tume kuhusu watoto waliokuwa wakibaki nyuma shuleni, na mwaka uliofuata Alfred Binet, pamoja na Théodore Simon, wakatoa jaribio lao la kupima akili. Kusudi lake lilikuwa kuwatambua watoto waliohitaji kufundishwa kwa uangalifu zaidi, na Binet mwenyewe alipinga wazo la kwamba alama hiyo ni kipimo cha kudumu cha mtu. Naye Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Urusi aliyefariki mwaka 1934, alifundisha kwamba haitoshi kupima kile ambacho mtoto anakiweza peke yake. Lazima upime pia kile anachokiweza akishikwa mkono kidogo. Naibu wetu hakuwahi kuwataja hao. Aliifahamu kazi yake, basi.

Nikiwa mwalimu wa darasa nilizoea kuandika alama za kuingilia za wanafunzi wangu kwenye daftari, na kuzilinganisha na matokeo yao ya baadaye. Ukweli lazima usemwe wote. Waliokuja na alama za juu sana, wengi wao walibaki juu. Mtihani uliwaona sawa. Lakini kundi la katikati, ambalo ndilo kubwa, lilichanganyika kabisa. Tofauti ya alama kumi au kumi na tano langoni haikutabiri lolote, ilhali kwa tofauti hiyo hiyo mtoto mmoja alipewa kitanda na mwingine akaambiwa atapigiwa simu. Wale wa chini waligawanyika kwa kutegemea kilichowaweka chini, na hicho hakionekani kwenye karatasi iliyosahihishwa kwa kalamu nyekundu.

Wapo ambao hawakufundishwa, kama yule msichana. Wapo walioshindwa na karatasi yenyewe. Shule nyingi zilinunua mitihani iliyokwisha kuchapishwa, na nimewahi kusahihisha ufahamu uliohusu familia iliyokwenda kuogelea hotelini Mombasa. Mtoto wa mfanyakazi wa shamba la mananasi anajua mengi ambayo mtungaji wa kifungu kile hayajui, lakini hakuulizwa hata moja. Huyo huyo ukimpa insha kuhusu siku ya soko, Kiswahili chake kinatembea. Wapo pia wenye matatizo ya mwili ambayo hakuna aliyeyagundua. Nilikuwa na mvulana ambaye kila mara alinakili vibaya tarakimu za ubaoni: 3 ikawa 8, 1 ikawa 7. Wenzangu walimwita mzembe. Mwalimu mmoja wa sayansi akamsogeza dawati la mbele, kisha akamwambia baba yake ampeleke kupimwa macho. Alipovaa miwani, alama zake za hesabu zilipanda ndani ya muhula mmoja. Ubongo wake ulikuwa ule ule tuliokuwa karibu kuukataa.

Mji wa Thika una mahali panapofundisha jambo hili kuliko hotuba yoyote. Shule ya Wasioona ya Thika ilianzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946. Tuliwapeleka wanafunzi wetu kuitembelea, wakawaona wenzao wakisoma vitabu vya Breli kwa ncha za vidole, haraka kuliko baadhi yao wanavyosoma kwa macho. Mitihani ya kitaifa inapofika, watahiniwa wale huandaliwa karatasi za Breli na kuongezewa muda, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayesema wamependelewa. Karatasi hubadilishwa ili kilichomo ndani ya mtoto kipate njia ya kutoka. Kama tunaweza kufanya hivyo kwa asiyeona, tunaweza kufanya hivyo kwa aliyekosa mwalimu muhula mzima.

Na bado sijafika bwenini. Hii ni shule ya kulala, na mtihani wa hesabu hausemi chochote kuhusu kulala. Metroni wetu aliwajua watoto wapya ndani ya juma la kwanza kuliko sisi walimu kwa muhula mzima. Alijua nani analia akifunika kichwa kwa blanketi, nani anakojoa kitandani na anaficha shuka, nani hajawahi kufua soksi, nani anampa mwenzake mkate wake kwa sababu ya kutishwa. Baadhi ya watoto walioingia kwa alama za juu sana waliondoka kabla ya likizo ya katikati ya muhula, kwa sababu walikuwa na miaka tisa na hawakuwa tayari kuwa mbali na mama. Baadhi ya walioingia kwa shida walistawi, kwani kwa mara ya kwanza walipata kitanda chao, taa ya kusomea na chakula kwa saa zinazojulikana. Metroni hakualikwa hata siku moja kwenye kikao cha kuamua nani achukuliwe. Ningekuwa na shule, angekaa kiti cha kwanza.

Usiku mmoja wa Septemba 2024 wavulana 21 walipoteza maisha katika moto wa bweni la shule ya msingi ya Hillside Endarasha, Nyeri. Wazazi wengi nchini walianza kuuliza wiki hiyo maswali ambayo tungepaswa kuyauliza siku zote. Mwongozo wa usalama shuleni uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 unataka mlango kila upande wa bweni, milango inayofunguka kwa nje, madirisha yasiyo na vyuma, na nafasi isiyopungua mita 1.2 kati ya kitanda na kitanda. Hayo ni mambo ambayo mzazi anaweza kuyaona kwa macho yake akingoja matokeo ya intavyuu. Tumeruhusu shule imtahini mtoto kwa saa tatu, na shule yenyewe haitahiniwi hata dakika tano.

Sheria iko upande wa mtoto zaidi ya wazazi wengi wanavyodhani. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, katika kifungu cha 34, hairuhusu mtihani utumiwe kumkubali au kumkataa mtoto katika shule ya umma, isipokuwa ule wa kumweka kwenye kiwango kinachomfaa. Kifungu cha 35 kinakataza mwanafunzi aliyekubaliwa kuzuiwa asiendelee na darasa. Shule za binafsi zimejitengenezea mlango wake, lakini roho ya sheria ni wazi: pima ili ufundishe. "Arudie darasa la sita kwanza" ni maneno yaliyowaibia watoto wengi wa Ruiru mwaka wa maisha yao, na wazazi wakalipa karo ya mwaka huo mara mbili.

Hata serikali, ambayo ndiyo yenye mtihani mkubwa kuliko yote, imewahi kukiri kwamba alama hazisomwi zikiwa peke yake. Mwanzoni mwa mwaka 2011, Waziri wa Elimu, Sam Ongeri, alitangaza kwamba nafasi za kidato cha kwanza katika shule za kitaifa zitagawanywa kati ya shule za umma na za binafsi kulingana na idadi ya watahiniwa wa kila upande. Ruiru ilitikisika. Watoto wa akademi waliokuwa na alama za juu walikosa shule ambazo wenzao wa umma waliingia kwa alama chache zaidi, na baadhi ya wazazi wakawarudisha watoto shule za umma. Uchungu wao ulikuwa wa kweli, kwa sababu mtoto hakuchagua shule aliyopelekwa. Lakini hoja ya upande wa pili ilikuwa nzito pia: mtoto aliyepata 350 katika darasa la watoto themanini, bila kitabu chake mwenyewe, huenda amesafiri mbali kuliko wa 400 aliyekuwa na mwalimu wa ziada kila jioni. Kosa la mpango ule lilikuwa kutazama aina ya shule tu. Kinachofaa kutazamwa ni njia ambayo mtoto mwenyewe ameipita.

Wapo waliojaribu kufanya hivyo. Starehe, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1959 na Geoffrey Griffin na wenzake, imejulikana kwa kuuliza maswali mawili pamoja: mtoto ana uwezo gani, na nyumbani kwao kuna nini? Starehe ya wasichana ikafuata mwaka 2005 katika Kaunti ya Kiambu. Hapa Thika kwenyewe, Akademi ya M-Pesa Foundation ilifunguliwa mwaka 2016, shule ya bweni inayochukua vijana wahitaji kutoka kaunti mbalimbali za nchi. Alama huangaliwa, lakini pia huangaliwa hali ya nyumbani na dalili za uongozi. Zipo pia juhudi za ufadhili kama Wings to Fly ya benki ya Equity, kwa sababu mwongozo wa karo wa mwaka 2015 uliweka shilingi 53,554 kwa mwaka kwa shule ya kitaifa ya bweni, na kwa mama wa soko la Jamhuri fedha hizo ni ukuta mrefu kuliko alama zozote. Nimewaona watoto wa Thika walioitwa shule za kitaifa wakaishia shule ya kutwa ya karibu na nyumbani, barua ya mwaliko ikiwa imekunjwa ndani ya Biblia ya nyanya.

Sasa mfumo umebadilika tena. KCPE ya mwisho ilifanywa mwaka 2023. Mtihani wa KJSEA wa Gredi ya 9 ulifanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2025, na kundi hilo likaingia Gredi ya 10 Januari 2026. Mtihani wenyewe unachangia asilimia 60 ya alama. Asilimia 20 inatoka kwenye tathmini ya Gredi ya 6 na asilimia 20 kwenye tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8. Matokeo hutolewa kwa viwango vinane kwa kila somo, na mwanafunzi huchagua mkondo: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Nimelipokea hilo kwa matumaini, maana kwa mara ya kwanza kazi ya miaka mitatu na zaidi inahesabika, na siku chache za mwisho zimepunguziwa uzito. Lakini matumaini hayo yataharibika tukiendelea na mazoea ya zamani. Tayari shule zinashindana kutangaza pointi. Na intavyuu za Jumamosi bado zipo. Zimebadilisha jina la darasa tu.

Kwa wakuu wa shule niliofanya nao kazi zamani nasema hivi. Fanyeni mtihani, lakini ufanyeni mtoto akishaingia, ili mwalimu ajue aanze na sehemu au aanze na kujumlisha. Mkilazimika kuufanya kabla, mpeni kila anayeanguka zile dakika kumi za yule naibu: mfundisheni alichokosa, mumuulize tena. Mwiteni metroni kikaoni. Na mkitundika bango, andikeni alama walizoingia nazo karibu na alama walizotoka nazo. Bango la namna hiyo nitalisoma kwa heshima.

Kwako mzazi, unayejiandaa kumvalisha mtoto nguo safi na kumnunulia penseli mpya, usimwambie kwamba Jumamosi hii ndiyo maisha yake. Akiambiwa "tutawapigia simu", mshike mkono, mwambie ameulizwa maswali machache na mtu asiyemjua. Kisha wewe uliza ya kwako. Mtoto wa chini kabisa darasani hapa husaidiwa na nani, na saa ngapi? Wangapi walioingia wakiwa chini walitoka wakiwa wapi? Nionyesheni bweni. Mlango huu unafungukia wapi? Mtoto wangu akiamka usiku atamwita nani? Mkuu wa shule anayekasirikia maswali hayo asipewe mtoto wako, hata kama amekwambia amepita kwa alama mia kwa mia.